Mti wa Mpaka Uliochipua Jikoni

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya shina la kodilini lililokatwa sasa hivi. Ni ubichi kama wa muhogo, wenye utamu kidogo kwa nyuma, ukichanganyika na udongo mwekundu uliolowa wa mtaa wetu, Cimpunda. Siku hizi wauzaji wa maua hapa Bukavu wanaupamba mmea huo kwa utepe na kuuita kwa jina lake la kizungu. Sisi tuliuita mti wa mupaka, basi. Majani yake marefu, mekundu kama divai ya misa, yalisimama mstari mmoja kutoka njiani hadi chini kwenye mtaro, na mstari huo ndio uliosema hapa ni kwetu na pale ni kwa jirani. Mlima wetu ni mkali, nyumba zimebanana hadi unamsikia jirani akikohoa, na kila mvua kubwa huteremsha udongo wa mtu hadi uani kwa mwenzake. Jiwe la mpaka huenda na maji. Mti huu hauendi popote, maana chini una kiazi cheupe, kinene, kinachozama ardhini, na hata ukikatwa wote juu utachipua tena. Kwetu, kuung'oa ni kutangaza ugomvi, na watoto tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Maman ndiye aliyeitunza miti hiyo, na nasema wazi kwamba sijaona aliyemshinda. Mingine alikuwa nayo barazani kwenye makopo ya maziwa aliyoyatoboa matako kwa msumari ili maji yasituame. Alikata shina vipande vya urefu wa kidole, akavilaza kwenye udongo uliochanganywa na samadi, akavifunika kidogo tu, akaviweka kivulini hadi macho yake yafumbuke. Maji ya bomba aliyaacha kwanza yalale kwenye ndoo, la sivyo ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Watu huniambia mmea huu ni msumbufu, nami huwajibu kwamba wasumbufu ni wao, wanaoutia maji asubuhi na jioni halafu wanashangaa umeoza. Jua kali huuchoma, giza huufifisha rangi. Mpe mahali penye mwanga wa kadiri, kisha umwache apumue. Ndiyo, namwita kama mtu, nimezoea.

Kiangazi kimoja, Maman alipokuwa Mudaka akimsaidia mama yake kuvuna maharage, Papa alirudi kutoka Luvungi alikokuwa akilima, akaamua kumfurahisha. Alibomoa jiko letu la mbao na kujenga jingine kubwa zaidi. Papa alikuwa mwema sana, lakini hakuwahi kupima kitu kwa kamba maishani mwake. Maman aliporudi alifurahi hadi akaimba. Jiko hilo ndilo lililotulisha, maana humo alikaanga beignets, maandazi yetu, kila alfajiri kwa ajili ya wanafunzi wanaoshuka shuleni. Papa akarudi zake shambani, na hakuna aliyewaza lolote zaidi.

Wiki chache baadaye nyumba ya pili, ng'ambo ya mstari, ikapata mwenyewe mpya, Papa Salumu, mfanyabiashara kutoka Uvira, mtu mpole mwenye kanzu safi na salamu ndefu. Kwao maua hukaa kwenye vyungu. Aliona mstari wetu umejaa vumbi, akautazama kwa huruma, akang'oa miti yote, akasawazisha udongo, akaipanda kwenye vyungu vizuri vya udongo na kutuletea mlangoni. "Mama, mimi ni jirani yako mpya," alisema. "Nimekuletea zawadi." Nikamtazama Maman. Mpaka wetu wote ulikuwa umeletwa mikononi mwa mtu anayetabasamu. Nilidhani sasa mtaa mzima utasikia ugomvi. Maman alipokea chungu cha kwanza, akakiweka chini polepole. "Asante, papa. Lakini hii haiko maua. Iko mupaka."

Maskini Papa Salumu, aliona aibu hadi akakosa pa kuweka mikono. Lakini aibu hairudishi mstari. Fundi wake alikuwa amekwisha kuja kujenga ukuta, na kamba aliyoifunga kwa kukisia ilipita katikati ya jiko letu. Majirani wakakusanyika, kila mmoja na mstari wake kichwani. Ndipo Maman akasema mbele ya wote, bila kupandisha sauti: "Nguvu ya ile miti, kiazi yake, ingali chini. Mungoje mvua. Pale itatoka, ndiyo mupaka, hata ikitokea kwenye kitanda yangu." Watu walicheka. Papa Salumu akamwambia fundi aviringishe kamba yake.

Mvua zikaja. Kila asubuhi nilikimbia nje kabla ya kunawa uso, na kweli, ncha nyekundu zikaanza kutoboa udongo, moja hapa, moja mbele yake, zikishuka mlimani kama watoto wa shule kwenye mstari. Nilijawa na furaha na kujitapa kwa kila mtoto wa jirani. Kisha siku moja nilisogeza gunia la makaa jikoni nikakuta chipukizi. Lilikuwa jeupe kwa kukosa mwanga, limepenya sakafu ya udongo upande wetu wa mafiga. Kumbe Papa alikuwa amefyeka miti ya mwisho na kujenga juu yake, na mafiga yetu yalikuwa kwa jirani.

Maman akainama kulitazama. Lilikuwa dogo kuliko kidole chake, na sisi wawili tu ndio tuliojua. "Maman, niling'oe?" Alitazama sufuria yake, akatazama mlango. Niliona kabisa kwamba anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. "Hapana," akasema. "Enda umuite Papa Salumu."

Alikuja, akainama kuingia, akalitazama chipukizi muda mrefu. "Mama, jiko libaki," alisema. Maman akakataa. Wiki hiyo tulibomoa upande ule, na Papa Salumu akatoa mbao zake na fundi wake kutujengea ukuta mpya nyuma ya mstari. Jiko likawa dogo tena, nasi tukala kama kawaida. Chipukizi la jikoni, kwa kuota penye majivu, likawa refu kuliko yote.

Leo Cimpunda ni kuta tupu, na juu yake vipande vya chupa. Maman amekwisha kufariki, nami nina uwanja wangu, na barazani nina chungu chenye kipande cha mti ule wa jikoni. Mwezi uliopita nilimwita fundi anijengee ukuta. Alipofunga kamba, niliona chipukizi jekundu la mupaka wa zamani limetokea ndani kidogo ya kamba, upande wangu, mahali ambapo jirani yangu asingeliona kamwe. Nikamwambia fundi asogeze kamba hadi kwenye chipukizi. "Maman, unapoteza nafasi," fundi akaniambia. Nikaishika kamba nikaisogeza mwenyewe.