Mchua Misuli na Mshambuliaji wa Nchi Tisa

Mubin alijifunza kuchua miguu kwa bibi yake, kijijini Takaungu, pwani ya Kenya. Bibi alikuwa mkandaji wa wazazi waliotoka kujifungua, na uzeeni miguu yake mwenyewe ilipoanza kuvimba, alimkalisha mjukuu chini akamwonyesha wapi pa kubonyeza na wapi pa kupita juu juu tu. "Sikiliza kwa vidole," alimwambia. "Mtu atakudanganya, nyama haiwezi."

Alikuja Dubai kupiga deki kwenye ukumbi wa mazoezi. Siku moja arbab, tajiri mwenye ukumbi, alishikwa na mgongo, akashindwa kunyanyuka kwenye kiti. Mubin akaweka ndoo chini, akaomba ruhusa, akamkanda kwa nusu saa. Mwezi uliofuata alipelekwa klabu ndogo ya daraja la pili, akapewa chumba chenye kitanda cha ngozi, friji ya barafu na dirisha moja. Yuko hapo mwaka wa kumi na moja sasa, akirudi kila siku mtaa wa Discovery Gardens kwenye chumba anachoishi na Wakenya wenzake watatu.

Eladio Irala aliingia chumbani humo mwezi wa Agosti, saa tisa mchana, nje joto limefanya hata njiwa wajibanze kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa Mparagwai wa miaka thelathini na minne, mrefu, mpole, ndevu zimeanza kuchanganya mvi. Klabu ilimsajili kuwa mshambuliaji wa kati. Alilala kifudifudi, na Mubin alipomwaga mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akavuta pumzi ndefu.

"Hii harufu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "naijua. Malaysia."

Basi ikawa hivyo. Mafuta yakishamwingia, Eladio alizungumza kama mtu aliye katikati ya usingizi, na Mubin akachua akisikiliza. Hakujigamba. Hakuwahi kuwa nyota, na alilijua hilo. Alikuwa mtu wa kuitwa pale mshambuliaji wa timu anapoumia, msimu mmoja hapa, nusu msimu pale. Kwao Paraguay aliondoka na miaka kumi na tisa. Bolivia alicheza juu milimani, mahali ambapo mpira ukipigwa unasahau kushuka, na yeye kila akikimbia aliona nyota mchana. Kisha Ekuador, kisha Meksiko, ambako walimwimba jina wakilikosea na yeye akawaachia. Kupro aliishi juu ya duka la mikate. Kazakhstan theluji ilianguka kipindi cha pili hadi mistari ikapotea, wakacheza na mpira wa rangi ya chungwa, na alipofunga hakusikia chochote, kwa kuwa theluji ilikuwa imemeza kelele zote. "Nilidhani nimekufa," alisema. "Palikuwa pazuri." Malaysia mvua ilinyesha kila alasiri saa ileile. Oman aliamshwa na adhana asiyoielewa, akawa anaamka kabla yake kuingoja. Halafu hapa.

"Nchi tisa," Mubin alimwambia siku moja. "Unaota ya wapi?"

Eladio alifikiri. "Zinachanganyika. Nakimbia kwenye theluji, nafika kwenye mchanga mwekundu wa kwetu. Mama yupo golini."

Mubin alicheka kidogo. Mwenyewe alikuwa na miaka sita hajakanyaga Takaungu, na ndotoni treni ya Dubai ilisimama mbele ya mlango wa bibi yake.

Lakini vidole vilikuwa vikisikia jambo jingine. Goti la kulia la Eladio lilikuwa na kitu kama chembe za changarawe ndani, na kila mwezi chembe ziliongezeka.

Mwezi wa Machi alikuja wakala aitwaye Raed, mtu nadhifu na mkweli, akiwa na mkataba wa msimu mzima katika mji wa bandari, Indonesia. Alitaka kwanza neno la mtu anayelijua goti. Eladio alimtangulia chumbani, akafunga mlango.

"Mubin, ndugu yangu. Mwambie ni zima."

"Si zima."

"Nchi ya kumi. Moja tu, halafu khalas, basi."

Mubin aliendelea kukunja taulo, ingawa zilikuwa zimeshakunjwa. Raed alipoingia na kuuliza, Mubin alimtazama Eladio kwanza, kisha akasema polepole: "Goti linatembea, bwana. Linaweza kucheza mechi tatu, nne. Msimu mzima halina. Litakatika, na akiwa mbali."

Raed alishukuru, akarudisha karatasi kwenye mkoba. Eladio alivaa viatu vyake akatoka. Kwa wiki tatu alipita mbele ya mlango ule bila kuingia, na Mubin kila alasiri alipasha mafuta, akayaacha yapoe.

Mechi ya mwisho ya msimu, kocha alimwingiza Eladio dakika ya sabini na tano. Watu uwanjani hawakufika mia mbili. Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala, na nyasi zote zimegeuka rangi ya asali. Krosi ilitoka kushoto, chini, ikija moja kwa moja kwenye mguu wake, na beki alikuwa nyuma yake. Mubin aliinuka kwenye benchi. Eladio alipanua miguu, akauacha mpira upite katikati, wala hakuugusa. Beki akaanguka upande usio wake. Nyuma yao Thamer, winga wa kulia, alikuta goli wazi akaweka mpira wavuni. Eladio alisimama pale pale akiutazama, kama mtu anayetazama ndege akipotelea mawinguni. Kisha akamwonyesha kocha ishara kwamba inatosha, akatoka kwa miguu yake.

Baada ya mechi alikuja chumbani, akajilaza kitandani.

"Uliniumiza," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Ningekwenda, Mubin. Ningekwenda na goti lile."

"Najua pia."

Mubin akaweka mikono yake juu ya goti, na kabla mafuta hayajakolea Eladio alikuwa amelala usingizi wa mtoto. Hakumwamsha. Alizima taa akakaa kwenye kiti mpaka mlinzi alipokuja na funguo.

Mwezi wa Juni wote wawili waliondoka. Mubin alikwenda Takaungu siku arobaini. Eladio alikwenda kwao, akakuta uwanja wa mchanga mwekundu umejengwa kituo cha mafuta, na mama yake akiwa na umbo dogo kuliko alivyomkumbuka. Kufikia Septemba wote walikuwa wamerudi Dubai. Eladio hachezi tena; sasa amepanga nyumba ya chumba kimoja mtaa wa Jumeirah Village Circle, na Ijumaa anafundisha timu ya mafundi wa magari wa Ras Al Khor, watu wenye grisi kwenye kucha. Anayempenda zaidi ni Sowedi, fundi wa gia kutoka Mombasa, ambaye ana mbio nyingi mno.

"Usiukimbilie mpira," anamwambia. "Simama. Utakuja."

Mubin hukaa pembeni na chupa yake ya mafuta. Wakipumzika, Eladio humtilia chai ya majani machungu ya kwao kwenye kibuyu kidogo, akampa anyonye kwa mrija wa chuma. Mubin hukunja uso, humeza, kisha humrudishia kibuyu amwongeze.