Mkalimani Mtiifu

Mtaani walimwita Fundi, na hata watoto wa dada yake walimwita Mama Mdogo Fundi, kana kwamba alizaliwa na bisibisi mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, si mwingi wa maneno, mwenye duka la kutengeneza kompyuta lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vitambaa. Kompyuta iliyoletwa kwake ikiwa imekwama kabisa, aliifuta Windows akaiwekea mfumo mwingine uitwao Linux, na mwenye nayo akawa anaondoka na maneno yale yale: "Sasa kalale usingizi. Virusi vya Windows huku havina mlango."

Aliamini hivyo. Wenzake wa Linux aliozungumza nao mtandaoni waliamini hivyo pia, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ubaya wa jambo lililo kweli kwa sehemu kubwa ni kwamba mtu huacha kuitazama ile sehemu iliyobaki.

Aliishi na mama yake. Mama huyo alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Tangu Fundi hajazaliwa, sauti iliyotoka kwenye vipaza sauti vya kituo ikiwaambia watu basi lipi linaondoka na lipi limechelewa ilikuwa yake. Sokoni wauzaji walimtambua kabla hawajainua macho. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikafuata koo kuuma, na madaktari wakaona uvimbe. Walisema kisanduku cha sauti kitolewe chote. Atapona, walisema, lakini hatazungumza tena.

Fundi hakulia mbele yake. Alifanya anachokijua. Ilikuwepo programu ambayo ukiilisha sentensi nyingi za mtu, hujifunza sauti yake. Baadaye mtu huyo akiandika neno, kompyuta hulitamka kwa sauti ile ile. Basi jioni baada ya jioni, wakati sauti ya Mama ingali na siku nzuri, walikaa mezani na maikrofoni iliyovikwa soksi ili isichukue pumzi.

"Soksi yenyewe umeifua?" Mama aliuliza siku ya kwanza.

"Nimeifua, Mama."

"Nisije nikaondoka hapa na ugonjwa wa pili."

Akasoma. Alisoma majina ya wajukuu, alisoma habari za gazeti, alisoma naomba maji, naumwa hapa, zima hiyo taa, nani kakuambia utoke bila sweta. Alisoma kwa madaha ya kazi yake, akitulia kila penye koma. Siku sauti ilipoanza kukatika katikati ya maneno, waliacha. Fundi akaziweka rekodi zote kwenye folda ya Muziki, kwa kuwa ndiko faili za sauti hukaa, akapanga kuanza kuifundisha ile programu Mama akishatoka hospitalini. Tangu hapo Mama alipunguza kusema. Aliyemuuliza kwa nini, alimwonyesha Fundi kwa kidole, kama mtu anayeonyesha kabati alikofungia vitu vyake vya thamani.

Shemeji yake, mume wa dada, alikuja siku Mama alipolazwa kuwasaidia kubeba mizigo. Alipokuwa akingoja Mama avae viatu, aliitazama kompyuta ya Fundi juu ya meza.

"Shemeji, hili dude lako linacheza gemu au linaandika barua tu?"

"Linacheza kuliko lako."

"Mdomo huo! Haya, chezesha hii." Akatoa flashi mfukoni. "Gemu ya malori. Nimepewa na jamaa kazini. Ya Windows hiyo, itakutoa jasho."

"Iache hapo mezani. Ukirudi utaikuta inanguruma."

"Ikikushinda utanipikia."

"Ikinishinda nitakupikia. Isiponishinda utaosha vyombo, na mke wako atakupiga picha."

Mama, ambaye hakuwa na sauti ya kuchezea, alicheka kwa mabega tu.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya upasuaji. Dada alikuwa wodini tangu alfajiri. Alipiga simu kwamba Mama ataingizwa mchana, kwa hiyo Fundi afike kabla ya hapo. Fundi hakufungua duka. Nyumba ilikuwa imenyamaza vibaya, ukimya wa kiti ambacho mtu wake hayupo, na mikono yake ilihitaji kazi. Kwanza alifanya jambo alilokuwa akiliahirisha: alichomeka diski ya nje, akanakili rekodi zote za Mama. Zilipokwisha kuingia alishusha pumzi. Diski akaiacha imechomekwa palepale. Kisha akaiona flashi ya shemeji.

Gemu ya Windows haifanyi kazi kwenye Linux hivi hivi, hazielewani lugha. Katikati yake huwekwa programu ya tatu, ambayo Fundi alizoea kuiita mkalimani. Gemu ikisema kwa lugha ya kwao, nifungulie faili, nichoree mti, mkalimani hugeuka akaiambia Linux kwa lugha yake, na mti ukachorwa. Ni mtiifu. Hapunguzi wala haongezi, na haulizi kwa nini. Tena, ili gemu ijione iko kwao, huijengea nyumba ya kuigiza yenye diski ya kuigiza na folda ya nyaraka, ya picha, ya muziki. Ila hizo folda za mwisho si za kuigiza. Ni milango inayofungukia folda halisi za mwenye kompyuta, na diski ya nje ikichomekwa, nayo hupata mlango wake.

Fundi alilijua hilo. Aliwahi hata kumweleza mteja. Kila alipoweka gemu mpya angeweza kuondoa alama chache kwenye ukurasa wa mipangilio, milango ikafungwa. Hakuwahi kuziondoa, kwa sababu picha alizopiga ndani ya gemu zilimfikia kwa urahisi zaidi milango ikiwa wazi.

Gemu ikakubali mara ya kwanza. Hilo peke yake lingemshtua siku nyingine, maana gemu za watu hazikubali bila kubembelezwa. Muziki ukapiga, lori jekundu likatokea, na Fundi akaliondoa kituoni taratibu. Aliendesha kwenye barabara ndefu isiyo na watu, akahisi kifua kinalegea. Akajiambia atafika mji wa mbele, kisha aende kuoga.

Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Gemu nzito, akawaza. Lori likapanda mlima, ukungu ukashuka, na feni ikazidi. Ndipo alipoona kitu pembeni mwa jicho. Taa ndogo ya diski ya nje ilikuwa inawaka na kuzima, haraka haraka, bila kupumzika.

"Wewe nani kakutuma?" aliiuliza kwa sauti.

Hakuwa anaitumia. Gemu nayo haikuwa na haja nayo. Aliliacha lori katikati ya barabara, akaikunja gemu chini ya skrini, akafungua folda ya Muziki.

Majina ya faili yalikuwa yameota mkia. Kila jina lilikuwa na herufi ngeni nyuma yake, na alipokuwa akitazama, mkia ukaota kwenye jina lililofuata, na la chini yake, na la chini yake tena, hadi la mwisho, kwa utulivu, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba moja baada ya jingine. Juu ya orodha palikuwa na faili ambayo hakuiandika yeye. Ilisema faili zako tumezifunga, tutafute.

Alichomoa waya ukutani kwa nguvu hadi soketi ikatoka nayo. Akachomoa na diski. Feni ikashusha pumzi, ikanyamaza.

Virusi vilikuwa ndani ya ile gemu, vimeandikwa kwa lugha ya Windows, navyo peke yavyo visingemudu kusema neno hata moja katika kompyuta hii. Mkalimani ndiye aliyevitafsiria. Funga hii, vilisema, na mkalimani akatafsiri kwa uaminifu. Funga na ile ya kwenye diski.

Aliiwasha kompyuta kwa flashi yake ya kazini, ile ya kuokolea mashine za watu, akapekua. Kilichopona kilikuwa matangazo ya duka na picha za paka wa jirani. Rekodi za Mama zilikuwepo zote, kila moja na uzito wake uleule, na hakuna hata moja iliyofunguka. Nakala zake kwenye diski zilikuwa vivyo hivyo. Ufunguo alikuwa nao mtu asiyejulikana, na Fundi alikuwa ameshawaambia wateja wengi walioletewa msiba kama huu kwamba hakuna la kufanya.

Akatazama saa. Bado Mama hajaingizwa. Bado ana koo, hata kama linakwaruza. Ana simu, simu ina kinasa sauti. Sentensi chache tu. Maji. Naumwa. Majina ya watoto. Alitoka bila kufunga mlango, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Dada yake alimkuta kwenye ukumbi wa hospitali, nje ya wodi. "Unahema nini? Umefukuzwa?"

Fundi akamwambia kwa kifupi. Dada akaweka kiganja mdomoni.

"Zote?"

"Zote."

"Na si ulisema utaweka kwenye diski?"

"Ilikuwa imechomekwa."

"Wewe mtoto wewe!" Dada akamshika mkono akamsogeza ukutani. "Sikiliza. Usimwambie. Presha ilipanda asubuhi. Daktari kasema ikipanda tena wanaahirisha, na uvimbe ule haungoji mtu. Mwache aingie na roho yake imetulia."

"Akitoka hataweza kusema, dada."

"Najua! Unadhani sijui?" Macho yakamjaa. "Mchokoze tu. Mfanye aseme. Lini Mama kaacha kujibu?"

Fundi akawasha kinasa sauti, akaishika simu kana kwamba ameisahau mkononi, akaingia.

Mama alikuwa ameshavishwa gauni la kijani na kofia. Nesi alikuwa anamfunga mkanda wa kupimia presha. Mama alimtazama bintiye usoni, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vitu vyangu viko salama?" aliuliza. Sauti ilikuwa kama kitu kinachoburutwa kwenye changarawe.

Mkanda ulikuwa unajaa hewa. Dada alikuwa nyuma ya Fundi, karibu kumgusa. Fundi alifungua mdomo na hakujua ni jibu gani litakalotoka mpaka alipolisikia.

"Viko salama, Mama."

Mama akafumba macho. Nesi akatazama kipimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Imeshuka vizuri. Twende sasa."

"Mama, ngoja. Sema kidogo," Fundi alisema. "Neno lolote. Nigombeze. Sijaosha vyombo, sijafunga mlango."

Mama akatabasamu. "Ya nini kuikwaruza? Si unayo ile nzuri nyumbani."

"Mama, wajukuu wamekuulizia," dada akadakia, akiinama juu ya kitanda. "Niwaambie nini?"

Mama akaweka kidole midomoni, akakizungusha kama anayefunga kwa ufunguo. Akampapasa dada shavu, akampa Fundi mkono. Mkono ulikuwa wa joto na haukuwa na wasiwasi wowote.

Nesi akaachia breki ya kitanda. Wakamsindikiza hadi kwenye milango miwili yenye vioo, wakimwita, wakimtania, dada akimwimbia hata upuuzi, na Mama akawajibu kwa macho tu, akiwa ametulia. Milango ikafunguka, ikajifunga nyuma yake. Mkononi mwa Fundi simu iliendelea kurekodi. Ikachukua magurudumu yakienda mbali, ndara za nesi, na ukumbi.