Zimwi Ndani ya Kochi

Kama umewahi kukalia kochi lililopitia mikononi mwa Sindano, basi umekalia joka au umeegemea nguva, na hukujua. Usihofu. Hakuna aliyedhurika mpaka leo, isipokuwa karani mmoja aliyelalamika kwamba kochi lake linamchoma mgongoni, na yule tatizo lake lilikuwa msumari.

Sindano alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo alibandikwa na bosi wake kwa sababu ya wembamba wake na ukali wa ulimi wake, likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, kinanuka gundi mchana kutwa. Seremala akimaliza fremu, yeye ndipo anapoanza: kukaza mikanda, kutandika gunia, kubandika sponji, kisha kuvuta kitambaa na kukipigilia. Na kabla kitambaa hakijavutwa, bosi akitoka kwenda kunywa chai, Sindano huchomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio na kuchora kwenye ubao wa mgongo. Bosi akirudi, anakuta kochi limevishwa na fundi anamnunia kwa sababu kachelewa.

Alichora viumbe vya hadithi tu. Ugonjwa huo aliupata kwa baba yake. Baba alikuwa dereva wa lori, na alikuwa na tabia mbaya ya kukata hadithi katikati. Joka la vichwa saba limeshamzunguka binti mfalme, mara anapiga mwayo, "Haya, tulale." Asubuhi amekwenda zake safari, na hadithi imekwenda naye. Mtoto wa kike angefanya nini? Alichora mwisho wake mwenyewe kwenye karatasi za kufungia sukari. Baba akirudi alizitazama kwa makini na kusema, "Ndivyo hasa ilivyokuwa," hata kama Sindano alikuwa amemchora binti mfalme akilila lile joka. Baba alipofariki aliacha hadithi nyingi zikining'inia, na Sindano alijiona ndiye mrithi wa kuzimaliza.

Alikuwa na imani yake pia, na hakuna aliyemfundisha. Aliamini kwamba kiumbe asiye na uso wa mtu unayemjua hamtishi mtu. Kwa hiyo aliazima nyuso. Joka la vichwa saba lilikuwa bosi wake mara saba, kuanzia akiwa amelipwa mpaka akiwa anadaiwa. Nguva alikuwa muuguzi mmoja wa zahanati mwenye mkono mwepesi wa sindano. Mteja aliyezidisha ubishi alipata mwili wa punda mwenye mabawa, akabeba mchoro wake mwenyewe mpaka sebuleni kwake na kuukalia akitazama habari.

Utauliza kwa nini alichora gizani, mahali pasipofika jicho la mtu. Sababu ni mama yake.

Mama alikuwa muuza mkaa, mwanamke wa vitendo, asiyependa kitu kinachokaa bure. Enzi hizo Sindano aliweka michoro yake yote kwenye boksi chini ya kitanda, tangu ile ya karatasi za sukari. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta boksi tupu na chai imeiva. "Nilikosa cha kuwashia jiko," mama alisema. "Si makaratasi tu?" Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali, maana ubaya unajibika.

Sindano alihama, akapanga chumba karibu na karakana. Baadaye kidogo mama alimpa kazi ya kulivisha upya kochi lake la sebuleni, na hapo mtu mzima alifanya utoto. Kwenye ubao wa mgongo alichora zimwi kubwa limechuchumaa mbele ya jiko, linabugia karatasi zenye picha. Uso ulikuwa wa mama yake kabisa: kitambaa cha kichwa kilichofungwa upande, baka la shavuni, na mdomo umepanuliwa toka sikio hadi sikio. Akavuta kitambaa, akapigilia, akapokea asante yake. Tangu siku ile kila alipokwenda kumsalimu mama yake alikaa kwenye kiti cha mbao, na akiulizwa alisema mgongo unamsumbua.

Miaka ikapita. Mama akaugua, akazikwa, na Sindano hakulia.

Si kwamba alijikaza. Alitafuta kilio kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni, hapakuwa na kitu. Makaburini alitazama jeneza akawaza kwamba vishikio vyake vimefungwa kombo. Wifi yake akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wana moyo wa jiwe. Sindano alisikia, na neno likapita. Kazini aligonga kidole kwa nyundo akakitazama. Makochi yakawa yanatoka karakana na migongo mitupu, kwa sababu akishika penseli hakuna uso unaomjia. Hata bosi alishtuka. "Sindano, mbona siku hizi hunitukani?" aliuliza. "Nimekukosea?" Alimwambia hapana, akaendelea kukaza mkanda.

Siku za msiba zilipokwisha, kaka yake mkubwa, mwalimu wa hesabu ambaye hata salamu huzitoa kwa mpangilio, akawakalisha ndugu wagawane vitu vya marehemu. Kabati likaenda kwa huyu, masufuria kwa yule. Kochi akapewa mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliyemuuguza mpaka mwisho.

"Lakini kitambaa kimechakaa," kaka alisema. "Na fundi tunaye humu ndani. Jumamosi tukutane wote, Sindano alivue hapahapa uani, apime, alivishe. Tutamsaidia."

"Nitalichukua karakana," Sindano alisema.

"Ubebe kochi mjini kote kwa sababu gani? Nyundo ndiyo nzito kuliko kochi?"

"Basi mama mdogo nitamtengenezea jipya. Zuri zaidi."

"Nataka hilohilo," mama mdogo alijibu, na huyo akishasema jambo harudii.

Kwa hiyo jambo likawa hivi: Jumamosi, mbele ya ndugu wote, kitambaa kingevuliwa, na marehemu angeonekana yu zimwi, amechorwa na binti yake, yuleyule asiyetoa hata chozi moja. Sindano alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba anapaswa kuogopa, na kwamba ukoo wake ukimkasirikia haukasiriki kwa siku mbili. Kilichokuwepo kilikuwa uchovu tu.

Hata hivyo Jumamosi alifika mapema kuliko wote. Mlango ulikuwa wazi, mama mdogo yuko jikoni. Sindano akalisukuma kochi mpaka uani, akaligeuza mgongo, akashika koleo. Nia yake ilikuwa kuufungua mgongo haraka, kuupiga msasa ule ubao mpaka uwe mweupe, kisha aseme anaondoa fangasi.

Msumari wa kwanza ulipotoka aliusimamisha kwenye kiganja. Haukuwa wake. Yeye alitumia misumari mifupi yenye kichwa bapa na kuipanga kama askari kwenye gwaride. Hii ilikuwa ya viatu, imepigiliwa ovyo, mingine imelala. Na upande wa chini kitambaa hakikupigiliwa kabisa, kilishonwa kwa uzi mweusi mnene wa kushonea magunia ya mkaa.

"Usijisumbue kuficha," mama mdogo alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai. "Tumeshaliona wote."

Sindano hakugeuka. "Nani wote?"

"Mimi, kaka zako, wifi zako, mpaka jirani wa kule kona. Panya aliingia humo ndani, mama yako akachana mgongo kumtafuta. Panya hakumpata, akajiona mwenyewe." Aliweka vikombe chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Alicheka mpaka nikadhani anaumwa. Halafu akasema, 'Kweli nilizichoma.' Nilimwambia akuite akugombeze, akakataa. Akaniambia, 'Zimwi likujualo halikuli likakwisha,' basi."

"Na hamkuniambia."

"Alitukataza. Alisema tukikwambia utaona haya, na hata hizo salamu zako za kwenye kiti cha mbao hutazileta tena. Lakini wageni aliwaonyesha, mwanangu. Anakata uzi, anafunua, anawaambia, 'Nani mwingine mtaa huu amechorwa?' Halafu anashona tena. Uzi ule ameununua mara ngapi sijui."

Sindano akavuta kitambaa chote kikatoka. Zimwi lilikuwa pale na karatasi zake mdomoni, na penseli haikuwa imefifia sana. Alilitazama kama kazi ya fundi mwingine. Mikono ilikuwa mizuri, jiko lilikuwa limepinda.

"Kitu kimoja tu kilimkera," mama mdogo alisema. "Meno. Alisema umemjazia meno mdomo mzima, na yeye ana pengo. 'Mchoraji gani huyu haoni hata pengo la mama yake?' Hilo alilirudia sana. Ndiyo maana alikuwa akikuita kila mara uje, kochi limebonyea. Alitaka ulifungue mwenyewe mbele yake, akwambie habari ya hilo pengo."

Mama alikuwa amemwita, ni kweli, tena zaidi ya mara moja. Sindano alikuja, akabonyeza kwa kiganja, akasema, "Halina neno, mama," akaondoka. Na kweli kochi halikuwa limebonyea. Mama alijibu, "Haya."

Sindano akachukua penseli. Jambo hilo lilikuwa dogo, jino moja tu la kutia weusi. Akapiga magoti karibu na ubao. "Lilikuwa upande gani?"

"Kushoto," mama mdogo alisema.

"Kushoto kwake, au kushoto kwako wewe uliyekuwa ukimtazama?"

Mama mdogo akafungua mdomo wake mwenyewe, akagusa jino la huku, akagusa la kule, akabaki na kidole hewani.

Kaka alikuwa ameingia getini na wifi. Walipoulizwa, kaka alisema kulia, tena juu. Wifi alisema chini, ana hakika, alikuwa akiliona mama akicheka. Kaka akaenda ndani kuleta picha za ukutani. Katika picha zote mama alikuwa amefumba mdomo, kwa sababu ya hilohilo pengo. Wakabishana pale uani, juu au chini, huku au huku, kila mmoja akiapa, na kila aliyeapa alianza kusitasita.

Sindano hakubishana nao, kwa sababu hakujua. Alikuwa ameutazama mdomo ule tangu hajajua kusema, na hakujua. Aliishusha penseli, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kitu kilimuuma, kifuani, mahali halisi. Alimtaka mama yake. Hakumtaka kwa radhi wala kwa maelezo. Alitaka afungue mdomo tu, mara moja, aone.