Chokaa Ndani ya Makaa

Miaka ya tisini tuliishi Huruma, Nairobi, chumba kimoja, watu watatu: baba, mama na mimi. Baba alikuwa mchochea moto wa boila, tangi la mvuke, kwenye kiwanda kimoja, na makaa yalipopanda bei akaanza kutuletea vumbi la makaa ya mawe. Mama alilikanda na udongo, akafinyanga madonge, akayaanika juu ya paa.

Yaliwaka vizuri, lakini yalinuka salfa hadi macho yakatoka machozi. Kifua cha mama kikaanza kubana. Akasema wazi kwamba harufu hiyo ikiendelea, atarudi kwao Kakamega. Mama hakuwa mtu wa kutisha bure, nami niliogopa.

Baba akakumbuka kwamba kazini walitia unga wa chokaa motoni ili unase salfa ibaki kwenye jivu. Akaja na mfuko. Mara ya kwanza alizidisha, na madonge yakakataa kabisa kushika moto.

"Mzee, hili ni jiko ama ni ukuta?" mama akamuuliza, akacheka hadi akashika mbavu. Ningetoa chochote nikisikie tena kicheko kile.

Baba alipopunguza chokaa, moto ukashika na harufu ikapungua sana. Akatembea ploti nzima, mlango kwa mlango, akijisifu. Na hapo ndipo tulipokosea, watu wazima kwa mtoto: tulidhani sumu ni ile harufu. Baridi ya Julai ilipokuja, tukaingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Mama, aliyekuwa karibu na moto, alianguka akisonga ugali.

Majirani walimtoa nje, akazinduka. Nesi wa zahanati alimgombeza baba mbele yangu: chokaa hunasa salfa, ile hewa nyingine inayoua haina harufu wala hainaswi na chokaa.

Wiki hiyo mjomba alikuja kumchukua mama, akapumzishe kifua kwao Kakamega. Baba alinunua stovu ya mafuta taa, akamwandikia arudi. Mama alijibu kwamba amepona, anatusalimu sana, lakini Nairobi hatarudi.

Desemba nilimfuata. Alinikumbatia, akanichinjia kuku, akanitandikia kitanda cha wageni. Nilimkasirikia usiku kucha. Mimi sikuwa mgeni wake.