Miaka Yangu ya Kushika Kamba Kianjokoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kambini kabla ya saa moja asubuhi, mukwa wangu ukiwa begani. Kwa ninyi vijana ambao hamjawahi kuuona, mukwa ni ule mshipi wa ngozi ambao mama zetu huupitisha kichwani wanapobeba kuni mgongoni. Nilikuwa nimesikia tangazo kanisani kwamba kambi iliyo ukingoni mwa msitu, juu kidogo ya soko la Kianjokoma, inatafuta watu wenye nguvu wa kuwapeleka matembezini vijana wa shule na watu wenye ulemavu. Nguvu nilikuwa nazo. Nilikuwa nimebeba kuni, majani ya chai na watoto wanne, na nilijiona nimeshaipata kazi kabla hata ya kuulizwa jina.

Mkuu wa Kambi alikuwa mzee kutoka upande wa Meru, aliyewaongoza wapanda mlima kwa miaka mingi mpaka kifua chake kikakataa baridi. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha kiti cha ajabu: gurudumu moja kubwa katikati, mikono miwili mbele na miwili nyuma, kama machela iliyopewa gurudumu. "Kaa hapo, mama," akasema. Nikakaa. Vijana wawili wakanifunga mishipi, wakanichukua, wakaingia nami msituni bila neno. Matawi yalinichapa usoni. Mahali pengine walisimama, wakazungumza habari za mpira juu ya kichwa changu, kisha tukaendelea. Tuliporudi nilikuwa nimewaka.

"Umeonaje?" Mkuu akaniuliza.

"Hawa vijana hawana adabu! Ata hawakuniuliza kama niko sawa!"

"Basi umeandikwa kazi," akasema. "Hiyo hasira usiipoteze."

Niliipoteza kabla ya mwaka kuisha, kama mtakavyosikia.

Kazi yenyewe niliipenda mapema. Kile kiti cha gurudumu moja huendeshwa na watu wawili: mvutaji huwa mbele, na mshika breki huwa nyuma, kwa sababu kushuka ni hatari kuliko kupanda. Palipo na mwinuko mkali wanaume walikuwa wakivuta kwa mikono mpaka wanatetemeka. Siku moja nilifunga mukwa wangu kwenye mikono ya mbele, nikaupitisha kifuani, nikainama nikavuta kwa mwili mzima. Tulifika juu huku wanaume wakihema nyuma yangu. Mkuu alicheka, kisha akaagiza mikwa sita kwa fundi wa ngozi wa sokoni. Hadi leo imo katika vifaa vya kambi, inakaguliwa mishono kila asubuhi pamoja na kamba na helmeti. Hilo ni jambo langu, na sioni haya kulitaja.

Kwa wasioona tulikuwa na kamba ya njia, iliyofungwa kwenye miti kuanzia kambini hadi mtoni, kimo cha kiuno. Fundo moja lilimwambia mtu kuna kupanda, mawili kuna kushuka, matatu kuna maji mbele. Mtu alitembea peke yake mkono ukiwa kwenye kamba, nasi tukimfuata kwa mbali. Vijana wa sekondari waliokuja na kundi walifungwa vitambaa machoni na kupita njia hiyohiyo. Wengi walirudi wakiwa wapole kuliko walivyokwenda.

Kisha kulikuwa na Jiwe. Ni mwamba uliosimama wima katikati ya msitu, kimo chake kama nyumba ya ghorofa mbili, na ukiwa juu yake unaona mashamba ya chai yote hadi chini kabisa. Mtu asiyeweza kutumia miguu alipanda kwa mikono. Alivaa hanesi, yaani mishipi ya kiunoni na mapajani, akaning'inia kwenye kamba iliyopita juu kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Mkononi alikuwa na kishikio kinachokubali kwenda juu na kukataa kurudi chini. Kila akivuta, anapata kama shubiri moja. Kamba ya pili ilikuwa ya usalama, na hiyo ndiyo niliyofundishwa kushika.

Wanja alikuja na kundi kutoka Kanja. Alikuwa na miaka kumi na tisa, miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni, na alisuka viondo, vile vikapu vya kamba, vilivyojulikana soko zima. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya vijana wengi. Tangu afike hakuzungumzia kingine ila Jiwe. Nyumbani kwao alikuwa amebebwa kila mahali, kanisani, hospitalini, hata chooni, na alisema wazi kwamba anataka mahali pamoja tu duniani ambapo amefika mwenyewe.

Siku yake ya kupanda, mawingu yalishuka. Alikuwa amefika theluthi moja ya mwamba, anapumzika kuliko anavyovuta. Mimi chini nilimwona amechoka, nikaona mvua inakuja, roho ikaniwasha. Kwetu ukimwona mtu anahangaika na mzigo, hungoji kuitwa. Unampokea. Nikamteremsha. Nyuma ya Jiwe kuna kinjia chembamba tunachotumia wafanyakazi. Nilimwinua, nikamfunga mgongoni kwa mukwa, nikaanza kupanda.

"Mama Njeru, hapana. Ngoja kwanza," alisema.

"Usiogope," nikamwambia nikicheka. "Wewe ni mwepesi kama manyoya."

Nilimfikisha juu kabla ya mvua. Wenzake walipiga makofi, simu zikatoka, picha zikapigwa. Wanja alijifunika uso kwa kitambaa chake. Mimi nilidhani ni machozi ya furaha, na nikazidi kujisikia.

Jioni hiyo, kabla ya jua kuzama, tulikaa kikao kama desturi, kila mmoja akieleza siku yake kwa ufupi. Zamu ya Wanja ilipofika alinitazama mimi, si Mkuu.

"Mama Njeru alipeleka kuni huko juu," akasema. "Mimi nimebaki hapa chini."

Kesho yake alfajiri aliondoka na kundi lake bila kuniaga.

Nilitarajia kufukuzwa, na ningestahili. Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ulimsikia akisema ngoja?"

"Nilimsikia."

"Basi shida yako si masikio. Muhula huu hutagusa kamba wala mtu. Utapika. Na utaenda Kanja kumwomba msamaha, si mama yake, yeye mwenyewe."

Nilikwenda Jumamosi. Mama yake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mungu akubariki sana, mama! Kubeba mtoto wa wenyewe hivyo! Ata sisi tumechoka kumbeba." Alikuwa ameniwekea mkungu wa ndizi, na kila alipozidi kunishukuru nilizidi kutamani ardhi inimeze. Wanja alikuwa nje anasuka, hakuinua macho. Nilikaa kwenye majani karibu naye nikamwambia nilikosea, kwamba alisema ngoja na sikungoja.

Alisuka mstari mzima kabla ya kujibu.

"Nitarudi. Lakini kamba ushike wewe."

"Mimi? Si Mkuu amenitoa kwa kamba."

"Mwingine nikikwama atangoja tu, hana shida. Wewe ndio roho yako inakuwasha ukiona mtu amekwama. Nataka nipande wewe ukiwa hapo chini, na usinibebe."

Nilimpelekea Mkuu maneno hayo. Nilipomaliza muhula jikoni alinituma Nchiru, kule Meru, ambako programu ya kambi yetu ilikuwa ikifundisha wanafunzi wa chuo kikuu kushika kamba. "Nenda ujifunze kungoja," akaniambia. Mratibu wa Nchiru alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mwembamba, sauti ya chini, na hakuna bosi aliyenitoa jasho kuliko yeye. Kanuni yake ilikuwa kwamba kabla ya kumgusa mtu unauliza kama anataka msaada, akikubali unauliza msaada gani, na akikataa unarudisha mikono yako mfukoni. Alinisimamisha mbele ya wanafunzi nifanye mazoezi hayo mara ishirini kwa siku. Wao waliniita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya vijana, na kunicheka wazi.

Mmoja wao, Kirimi, hakuwa akiona. Mchana mmoja tuliingia kibanda cha chakula karibu na hosteli, na mwenye kibanda akaniuliza mimi, "Huyu atakula nini?"

Nilifungua mdomo kumjibia. Kirimi akawahi. "Sioni, boss, lakini hiyo chapati naisikia hadi barabarani. Leta mbili na ndengu. Mathe hapa muulize mwenyewe, ako na mdomo."

Kibanda kizima kilicheka, nami nikacheka, lakini uso wangu ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimeshachagua kumwagizia wali.

Wanja alirudi mwishoni mwa kiangazi. Safari hii mama yake alikuja naye. Mkuu alinikabidhi kamba ya usalama mbele ya watu wote, bila hotuba. Kazi ya mshika kamba ni hii: mpandaji anavyopanda, unaikusanya kamba isilegee, ili akiteleza usimwache aanguke. Lakini huvuti. Ukivuta hata kidogo, unambeba, na mpandaji anasikia kiunoni papo hapo. Hakuna mtazamaji atakayejua. Mtajua ninyi wawili tu.

Alianza vizuri. Alipita pale nilipomteremsha mara ya kwanza, akaendelea. Katikati ya Jiwe akakwama.

"Wanja, unataka msaada?"

"La."

Nikangoja. Dakika kumi si nyingi mpaka uzitumie namna hiyo. Mama yake alisimama.

"Si umvute! Kwani huoni mtoto anateseka? Ile siku ulimbeba vizuri, leo umekuwa na roho ngumu hivi?"

Sikumjibu. Ningemjibu ningelia, na ningelia mikono ingefanya isichotumwa. Manyunyu yakaanza. Kila kitu nilicholelewa nacho kiliniambia nimpokee mtoto wa mwenzangu mzigo wake. Kamba ilikuwa mikononi mwangu, na ningempunguzia uzito wa robo tu asijue hata mama yake.

"Wanja, unataka kushuka?"

"Mama Njeru, nyamaza."

Nikanyamaza. Nilisali kwa Kiembu, kimoyomoyo, sala fupi ileile. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, na hata yeye hakunishika bega. Halafu nikasikia kile kishikio kikigonga: alikuwa amepata shubiri moja. Baadaye nyingine.

Ilimchukua saa moja na nusu. Alipopitisha kifua ukingoni, hakupiga kelele. Alikaa akitazama chini huko kwenye mashamba. Kisha tukasikia sauti yake.

"Huku kuna baridi! Leteni sweta!"

Watu waliangua kicheko. Mama yake alikuwa akilia, na hakunisalimu siku ile wala tulipokutana kanisani Jumapili iliyofuata.

Nilishika kamba miaka mingi baada ya hapo, Kianjokoma na mara mbili tena Nchiru, chini ya wakuu wengine wawili. Mmoja alipenda fomu kuliko watu, ila ndiye aliyetuletea helmeti mpya, kwa hiyo simsemi vibaya. Kirimi akawa mwalimu. Wanja alirudi kambini kufundishwa, akabaki, na leo ndiye Msimamizi wa Kamba. Mtu yeyote anayeshika kamba pale ameshapita mbele ya macho yake makali. Amenirudisha kufunga fundo upya mara nyingi, tena mbele ya wageni.

Sasa magoti yangu yamekataa na nimestaafu. Vijana huniuliza kama kazi ile ilinipa kitu. Ilinipa kila kitu. Namshukuru Mkuu ambaye angeweza kunirudisha shambani na akanirudisha jikoni. Namshukuru yule binti wa Nchiru na mazoezi yake ishirini kwa siku. Kuwa na nguvu ni zawadi, lakini nilikaribia kuzeeka bila kujua kwamba mtu anaweza kuibiwa kwa kusaidiwa, na aliyenifundisha hilo ni mtu niliyemwibia. Kwa hilo nashukuru mpaka sina maneno.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi, wakapika mukimo sufuria tatu. Wazee wa kanisa walikuja, na watu wa Kanja pia, akiwemo mama yake Wanja. Waliozungumza walinisifu kwa kuwabeba watu, kuwavuta watu, kuwainua watu, mpaka nikaanza kuangalia viatu vyangu. Kisha Wanja akasogeza kiti chake mbele.

"Huyu mama," akasema, "alinishikia kamba saa moja na nusu kwa mvua, na hakunivuta ata kidogo."

Akarudi mahali pake. Watu walitazamana, wakingoja amalize. Mchungaji alikohoa. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka. Kisha mama yake, aliyekuwa ameketi safu ya mbele na sahani magotini, akaiweka sahani chini, akasimama, na kuanza kupiga makofi peke yake.