Mwizi wa Mbuzi Yetu

Juzi niliona wafungwa wakifyeka nyasi hapa Embu, nikacheka peke yangu. Nilikuwa mtoto mama aliponipeleka gerezani na akina mama wa kanisa, tukinukia ndizi mbivu tulizowabebea wafungwa. Mbele ya wafungwa walioimba alisimama Njeru, aliyeiba mbuzi yetu. Nikadhani tumekuja kuidai.

“Mama, ndiye huyu! Mwambie airudishe!” nilipiga kelele.

Wimbo ukakatika. Njeru akainama.

“Nisamehe, mama. Niliila.”

“Najua uliila,” mama akasema, akimpa ndizi. “Nimeshakusamehe. Sasa imba kama mtu aliyeshiba.”

Askari wakaangua kicheko, Njeru akaimba mpaka mabati yakalia. Jumapili iliyofuata nilivaa kabla ya mama, turudi gerezani. Sikusoma mimi, lakini mpaka leo bado naenda kuwaona wafungwa, hata wenzangu wa kanisa wenye digrii wakichoka.