Mwaloni wa Bruda na Muhogo wa Mama

Harufu ya muhogo uliolowekwa huwakimbiza watu wa mjini. Ni nzito, ina uchachu, na ikishaingia kwenye nguo haitoki upesi. Mimi nikiinusa husimama. Juzi nilisimama mlangoni kwa jirani aliyekuwa anaanika makopa yake, naye akadhani nakuja kulalamika. Sikuweza kumweleza kwamba kwa dakika ile nilikuwa nyumbani kwetu upande wa Mpepai, mtoto wa miaka minane hivi, nimeshika ua wa miti kwa mikono miwili, nasikiliza watu wazima wawili wakibishana kuhusu mimea.

Mmoja wao alikuwa mama yangu. Alizaliwa ziwani, kwenye mchanga wa Nyasa, ambako ugali ni wa muhogo. Baba, Mmatengo mwenye kahawa kidogo na shamba la ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye mteremko ili mvua isiuchukue udongo, alimwoa akampandisha milimani kwenye baridi. Mama alikuja na kikapu cha vyombo na mzigo wa vijiti vya muhogo uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Bibi, mama yake baba, aliutazama mzigo ule akauliza kama huko ziwani wanawake huolewa pamoja na kuni zao. Maneno hayo yalisimuliwa nyumbani kwetu mpaka nikayajua kabla sijajua sala ya Baba Yetu.

Wa pili alikuwa mtawa Mjerumani wa misheni. Jina lake halisi lilitushinda watoto, hivyo tulimwita Bruda Seremala, kwa kuwa alikuwa seremala, naye akaitika. Karakana yake ilipakana na bustani yetu. Siku zote alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mwaka mmoja aliletewa kutoka kwao kopo la mbegu zilizofukiwa ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu. Zote zilioza isipokuwa moja. Hiyo moja ikatoa mche, naye akatuambia ni mwaloni, mti unaotajwa kwenye Biblia. Aliupanda karibu na ua, upande wa pili wa muhogo wa mama.

Hapo ndipo mabishano yalipoanzia.

"Huu hauhamishwi, Mama Agata," Bruda alisema akipapasa udongo kuuzunguka mche. "Mzizi wake wa kwanza unakwenda chini moja kwa moja. Ukiukata, mti unakasirika, unakufa."

"Wangu ninaukatakata vipande," mama alijibu, "nabeba kichwani kutoka ziwani mpaka huku, nachomeka ardhini, na unaota."

"Lakini ukitaka kula, unaung'oa. Umekwisha."

"Nakula, kisha nachomeka vijiti vyake tena. Wako unaliwa lini?"

"Hauliwi. Ni wa mbao. Milango ya kanisa."

"Baada ya muda gani?"

Bruda alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Miaka mia. Zaidi kidogo ni bora."

Mama aliweka jembe chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Na wewe utakuwa wapi, Bruda?"

"Mbinguni, kama wataniruhusu. Lakini Agata atakuwa na wajukuu."

Nilijaribu kuwaza wajukuu wangu wakipasua mbao, nikashindwa, maana sikuwa hata na meno yote ya mbele.

Ukweli ni kwamba mimea yote miwili ilipata shida pale. Ilipofika Juni na baridi ikashuka, majani ya muhogo yaliungua yakawa meusi, na mizizi yake ilinenepa polepole kuliko ziwani. Mama alitandaza nyasi kavu juu ya matuta kama mtu anayemfunika mtoto. Jua la Oktoba lilipowaka, Bruda alisimika mkeka kuukinga mwaloni wake, akaumwagilia maji jioni kwa kikombe cha bati, akikinga kwa mkono ili maji yasigonge majani. Mti ule haukujua majira. Ulipukutisha majani wakati wa mvua, ukachipua wakati wa kiangazi. "Unatafuta theluji," Bruda aliniambia. Nilimwuliza theluji ni nini. Alieleza kwa muda mrefu, na nilitoka pale nikiamini kwamba kwao unga huanguka kutoka mbinguni na watu hawaupiki.

Kisha ikaja habari ya vita vya Wazungu. Baba aliipata kanisani akatuletea mezani: Wajerumani wote wa misheni wangechukuliwa, kwa kuwa serikali ilikuwa ya Waingereza. Niliuliza Bruda amempiga nani.

Lori lilikuja asubuhi. Mama alikuwa bustanini, mimi nikiwa karibu naye. Bruda alitoka karakanani na kisanduku kimoja, askari mmoja akimfuata nyuma, akasimama kwenye ua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Agata."

"Milele amina, Bruda."

Alianza kueleza. Maji kidogo, jioni, si mchana. Mbuzi wasisogee. Magugu yang'olewe kwa mkono, jembe lisiguse mzizi. Alieleza upya, kana kwamba hajasema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuona unavyofanya," alisema. "Nitafanya hivyohivyo."

"Na muhogo wako?"

"Huo haunihitaji sana."

Mama aliingia jikoni akarudi na muhogo wa kuchemsha ndani ya jani la mgomba, ungali na moto. Askari alitaka kuona. Alilifunua jani, mvuke ukampiga usoni, akalifunika tena taratibu na kumkabidhi Bruda kwa mikono miwili. Nilimshika mama nguo nikingoja aseme jambo. Kwa fikira zangu za kitoto, mama akisema kwa sauti ile aliyotutumia nyumbani, hata lori lingesimama. Lori liliteremka likageuka kwenye kona, tukabaki tunasikia mlio wake muda mrefu baada ya kutoweka.

Tangu siku hiyo mama, aliyeucheka mwaloni, ndiye aliyeumwagilia. Alitumia kikombe kilekile cha bati. Mti ulimfika magotini, ukampita kidogo.

Nzige walikuja wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kwanza tulidhani ni moshi upande wa Kitura. Kisha jua likafifia, ikasikika sauti kama mvua juu ya majani makavu. Watu walipiga madebe, walipiga kelele, walichoma majani mabichi. Baba alipiga debe mpaka kiganja kikachubuka, huku nzige wakitua juu ya debe lenyewe. Mama alikimbia ndani, akatoka na shuka lake la kulalia, akaufunika mwaloni na kushikilia pembe. Nikashika pembe nyingine. Nzige walitutambaa shingoni. Waliingia kwa chini, na kwa chini hatukuwa na mikono. Waliporuka kwenda zao, mama aliinua shuka. Kilikuwa kimebaki kijiti.

Muhogo nao ulibaki mashina matupu. Lakini chakula chake kilikuwa ardhini, na nzige hawachimbi.

Njaa ilipoingia, mama alichimba. Siku ya kwanza alimtengea Bibi kabla ya mtu yeyote. Bibi alitazama sahani, akanawa, akala polepole mpaka akamaliza, kisha akasogeza sahani mbele aongezwe. Kuni hakuzitaja tena. Majirani walikuja, mama akachimba. Alichimba hata muhogo mchanga uliokuwa haujakomaa, tukamaliza tuta hadi tuta, vikabaki vijiti kivulini vikingoja mvua.

Mwaloni ulichipua majani machache, tukafurahi. Kisha yakanyauka kuanzia chini. Mama alimwaga majivu, akaongeza maji, akapunguza maji. Mwishowe aliuvuta kidogo tu, ukang'oka wote mkononi. Mchwa walikuwa wameula ule mzizi uliokwenda chini moja kwa moja. Alikaa chini na kile kijiti mapajani, nami nikakaa karibu yake, hatuna la kufanya.

Miezi ikapita. Padri kijana, mwenyeji wa upande wa Songea, alipita kwetu. Alikuwa ameruhusiwa kuwaona watawa kule walikozuiliwa, na alikuwa karibu kurudi huko.

"Bruda Seremala anawasalimu," alisema. "Amedhoofu. Anauliza habari za mti wake."

Mama alikuwa anapepeta. Ungo haukusimama.

"Mwambie umenifika kifuani," alisema.

Nilifungua mdomo. Baba alikuwa anakagua kidole chake kana kwamba kina mwiba. Bibi ndiye aliyesema, akiwa juu ya kigoda chake, "Na una majani mapana. Mwambie na hilo."

Niliogopa siku nyingi. Wazee wangu wote walikuwa wamemdanganya padri, tena wakiwa wamoja, wao ambao walinichapa kwa uongo wa kipande cha muwa. Nilingoja adhabu, haikuja. Bruda pia hakuja. Tulisikia kwamba walisafirishwa kwao kwa meli, na baada ya hapo hatukusikia kitu.

Ilinibidi niolewe mbali, nilale kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua vyakula vya kwetu, ndipo nilipojua kwamba mama na Bruda walikuwa wageni wawili kila mmoja upande wake wa ua, na kwamba mama hakuwa anabishana. Alikuwa anaongea na mtu aliyeelewa. Baba alipofariki, mama alirudi ziwani. Nilimtembelea, nikamwuliza kwa nini siku ile alimwambia padri kwamba mti umemfika kifuani.

Alikuwa amezeeka, lakini hakufikiri sana.

"Muhogo tulikuwa tumeshaumaliza, mwanangu," alisema. "Ningemtumia nini kingine?"